Ken Saro-Wiwa: mashairi yaliyotoka gerezani ndani ya kikapu cha mkate

Nigeria nzima ilimjua kwa kuchekesha watu kwenye televisheni. Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mshairi, aliacha kazi hiyo ili atetee udongo na maji ya kabila lake, Waogoni, yaliyoharibiwa na petroli. Serikali ya kijeshi ilimnyonga mwaka 1995. Miaka 30 baadaye, mwaka 2025, Raisi wa Nigeria alimpa msamaha na nishani. Udongo wa Waogoni, wenyewe, haujapona.

Port Harcourt, kusini mwa Nigeria, mwaka 1994. Ndani ya kambi moja ya jeshi kuna mfungwa mfupi wa kimo, mwenye miaka 52, ambaye watu walizoea kumuona na kiko mdomoni. Chakula chake kinaletwa ndani ya kikapu cha mkate. Kikapu kinapotoka, mara nyingine kinaficha karatasi alizoandika kwa mkono: barua, na hata mashairi. Karatasi hizo zinapita mikono ya watu mbalimbali, zinavuka bahari, na mwishowe zinamfikia masera mmoja Mkatoliki huko Ireland, jina lake Majella McCarron.

Masera huyo alikuwa amefanya kazi ya umisionari Nigeria kwa miaka karibu 30. Alijuana na Saro-Wiwa wakati mwandishi huyo alipokuwa akitafuta watu wa kumsaidia kupeleka kilio cha Waogoni Ulaya. Barua ya kwanza kati ya zile alizotunza ina tarehe 20 mwezi wa kumi 1993, na ya mwisho ina tarehe 14 mwezi wa tisa 1995. Chini ya miezi miwili baada ya barua hiyo ya mwisho, aliyeiandika alinyongwa.

Zilizobaki ni barua 28 na mashairi 27. Mwaka 2011, masera Majella alizikabidhi kwa chuo kikuu cha Maynooth, huko Ireland, na miaka miwili baadaye zilichapwa katika kitabu. Walinzi walikagua watu, wakafunga milango, wakamtia mfungwa minyororo miguuni. Kikapu cha mkate kiliwapita.

Mtoto wa Bori

Kenule Beeson Saro-Wiwa alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi 1941 huko Bori, katika eneo la Ogoni, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Rivers. Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa chifu. Mtoto alikuwa na akili nyingi shuleni: alisoma sekondari Umuahia, katika shule moja yenye sifa kubwa ambako wandishi wengine wakubwa wa Nigeria kama Chinua Achebe walipitia, kisha akaendelea na masomo ya Kiingereza kwenye chuo kikuu cha Ibadan.

Vita ya Biafra ilipoanza mwaka 1967, alichagua upande wa serikali kuu, si upande wa wale waliotaka kujitenga. Aliwekwa kuwa msimamizi wa Bonny, mji wa bandari ambako petroli inapakiwa kwenye meli. Uchaguzi huo haukusahauliwa na watu wengi wa mashariki mwa Nigeria, na hata leo kuna wanaomlaumu. Yeye aliona kwamba kabila dogo kama lake lingemezwa ndani ya Biafra. Baada ya vita, alishika kazi katika serikali ya jimbo hadi mwaka 1973, kisha akaingia katika biashara na akafanikiwa.

Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wake kama mwandishi. Alitoa kitabu cha mashairi juu ya vita ile, *Songs in a Time of War*, na riwaya *Sozaboy*, inayosimulia kijana wa kijijini anayeingia jeshini bila kujua ni nani anapigana na nani. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiingereza cha mitaani, kile watu wasiosoma sana wanachozungumza sokoni na kwenye gari. Hata ndani ya kile kitabu cha mashairi kuna shairi refu la lugha hiyo hiyo ya sokoni, linaloisema Nigeria bila kuficha. Alitaka mtu wa kawaida ajisikie akizungumza mwenyewe.

Mwaka huo huo ulianza mchezo wake wa televisheni, *Basi & Company*, juu ya kijana wa Lagos anayeota kupata milioni bila kufanya kazi. Ulidumu miaka mitano. Mamilioni ya watu waliufuata kila juma, wakacheka, na kila mmoja akamtambua jirani yake ndani ya mchezo. Kama angeishia hapo, Saro-Wiwa angekumbukwa kama mzee mcheshi aliyepata pesa na jina.

Petroli chini ya mihogo

Lakini nyumbani kwao hali ilikuwa nyingine. Eneo la Ogoni ni dogo, kilometa za mraba karibu 1.000, na watu wake walihesabiwa kuwa karibu nusu milioni. Ni wakulima wa mihogo na viazi vikuu, na wavuvi katika mito midogo inayoungana na bahari. Mwaka 1958, petroli ilipatikana chini ya mashamba yao. Kampuni Shell ndiyo ilikuwa mchimbaji mkubwa, ikishirikiana na serikali ya Nigeria.

Matiyo ya petroli yalipitishwa katikati ya vijiji na mashamba. Yalipopasuka, mafuta yalimwagika juu ya mihogo na kushuka hadi mtoni. Gesi inayotoka pamoja na petroli ilichomwa hewani mchana na usiku, karibu na nyumba za watu, ikamwaga masizi juu ya mabati. Samaki walipungua. Na pesa zilipelekwa katika mji mkuu. Waogoni wengi walibaki bila umeme, bila maji safi, bila barabara.

Kulalamika kulikuwa hatari. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1990, katika kijiji cha Umuechem, nje ya Ogoni lakini katika jimbo hilo hilo la Rivers, vijana waliandamana mbele ya kituo cha Shell. Kampuni iliomba polisi. Polisi waliua watu karibu 80 na kuharibu nyumba karibu 500. Kila mtu katika jimbo alielewa ujumbe huo.

Katika mwaka huo huo wa 1990, machifu na wasomi wa Ogoni walitia sahihi karatasi iliyoitwa Tangazo la Haki za Waogoni. Waliomba sehemu ya haki ya utajiri wa udongo wao, uwezo wa kujiamulia mambo yao ndani ya Nigeria, na ulinzi wa mazingira yao. Hawakuomba kujitenga. Chama chao, MOSOP, kilizaliwa wakati huo. Saro-Wiwa alikuwa msemaji wake, na mwaka 1993 akawa raisi wake.

Kutoka televisheni mpaka barabarani

Silaha ya mwandishi ilikuwa ile ile aliyoizoea. Aliandika katika magazeti, alichapa vitabu katika nyumba yake mwenyewe ya uchapaji, alitembea kijiji kwa kijiji akieleza Tangazo lile. Mwaka 1992 alizungumza Geneva, Uswisi, mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa, ONU, kinachofuata mambo ya makabila ya asili. Mwishoni mwa mwaka huo, MOSOP iliandikia makampuni ya petroli: ilidai dola bilioni 10 kama malipo ya petroli iliyochimbwa na ya hasara iliyofanywa, na ikatoa siku 30 za kujibu.

Jibu halikuja. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1993, Waogoni wapata 300.000 walitoka barabarani. Zaidi ya nusu ya kabila zima ilitembea siku hiyo, wazee kwa vijana, wakiwa na matawi ya miti mikononi, na hakuna damu iliyomwagika. Mwaka huo huo Shell ilisimamisha uchimbaji wake Ogoni. Tangu hapo haikuchimba tena petroli huko, ingawa matiyo yenye petroli ya sehemu nyingine yaliendelea kupita katika ardhi hiyo.

Serikali ya kijeshi haikupenda mfano huo. Makabila mengine ya eneo hilo la petroli yalikuwa yanatazama, na karibu pesa zote za kigeni za Nigeria zilitoka huko. Mwezi wa nne 1993, askari walifyatua risasi juu ya wanakijiji waliopinga kupitishwa kwa tiyo jipya katika mashamba yao. Mama mmoja alipoteza mkono. Mwezi wa sita, Saro-Wiwa alikamatwa na kufungwa kwa mwezi mmoja na siku moja, na hesabu hiyo ndiyo ilikuwa jina la kitabu chake juu ya kifungo kile: *A Month and a Day*. Kisha vijiji vya Ogoni vikaanza kushambuliwa. Serikali ilisema ni ugomvi wa makabila jirani. Mashirika ya haki za binadamu yaliyofanya uchunguzi yalisema kwamba vikosi vya usalama vilikuwa na mkono ndani yake.

Mwezi wa kumi na moja 1993, jenerali Sani Abacha alitwaa madaraka. Kikosi maalum cha askari kikatumwa Ogoni.

Siku ya Giokoo

Hapo ndipo kuna sehemu chungu zaidi ya habari hii, kwani waliokufa siku hiyo walikuwa pia watoto wa Ogoni. Viongozi wa kabila hawakuwa na sauti moja. Baadhi ya machifu na wasomi waliogopa kwamba msimamo wa Saro-Wiwa na hasira ya vijana vingeleta maangamizi. Walitaka mazungumzo na serikali. Vijana waliwaita wasaliti waliokula pesa. Maneno yalikuwa makali kutoka pande zote mbili.

Tarehe 21 mwezi wa tano 1994, huko Giokoo, kundi la watu lilishambulia mkutano wa machifu. Watu wanne waliuawa: Albert Badey, Edward Kobani, Samuel Orage na Theophilus Orage. Kobani alikuwa zamani rafiki wa Saro-Wiwa, na mmoja wa viongozi wa kwanza wa MOSOP. Saro-Wiwa hakuwepo: siku hiyo askari walikuwa wamemzuia njiani na kumrudisha. Hata hivyo, kesho yake alikamatwa, na serikali ikamshitaki kwamba ndiye aliyewachochea wauaji. Shirika Amnesty International lilimtaja kuwa mfungwa wa dhamiri.

Familia za wale wanne zimeendelea miaka yote kukumbusha kwamba wao pia walifiwa, na kwamba dunia ilijifunza majina ya walionyongwa, lakini si majina ya waliouawa Giokoo.

Mfungwa anaandika

Miezi ya kwanza alikaa bila kushitakiwa mbele ya waamuzi na bila kuruhusiwa kuona maavoka wake kwa uhuru. Alikuwa na minyororo, na afya yake ilidhoofika. Ndipo kikapu cha mkate kikawa njia yake ya kutoka.

Barua zake kwa masera Majella si za mtu anayelia tu. Zinapanga kazi: nani aandikiwe, nani aombwe kusema, habari gani zifike Ulaya. Zinaulizia familia. Mashairi nayo yanazungumzia kabila lake, gereza, wale waliomfunga, na moja limeandikwa kwa ajili ya masera mwenyewe. Mtu aliyekuwa na mamilioni ya watazamaji sasa alikuwa na msomaji mmoja tu wa uhakika, na aliandika kwa bidii ile ile.

Akiwa bado kifungoni, dunia ilianza kumsikia. Mwishoni mwa 1994, yeye na MOSOP walipewa tuzo ya Right Livelihood, huko Sweden, ambayo watu wengi wanaiita Nobel ya upande wa pili. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya Goldman, inayotolewa Marekani kwa watetezi wa mazingira. Hakuweza kwenda kuzipokea.

Kesi bila rufaa

Kesi ilisikilizwa na tribinali maalum iliyoundwa na serikali ya kijeshi: waamuzi wawili na afisa mmoja wa jeshi. Hukumu yake haikuweza kukatiwa rufaa katika mahakama yoyote. Ilihitaji tu kukubaliwa na viongozi wa kijeshi. Mashahidi wawili wa upande wa serikali walisema baadaye, kwa maandishi yenye kiapo, kwamba walihongwa ili waseme uongo. Maavoka wa Saro-Wiwa, wakiongozwa na Gani Fawehinmi, walijiondoa kwa kuona kwamba tribinali haikuwa na nia ya kutafuta ukweli.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1995 hukumu ilitolewa: kifo. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja viongozi wa kijeshi waliikubali. Siku mbili baadaye, tarehe 10, katika gereza la Port Harcourt, watu tisa walinyongwa: Ken Saro-Wiwa, Barinem Kiobel, John Kpuinen, Baribor Bera, Saturday Dobee, Felix Nuate, Nordu Eawo, Paul Levura na Daniel Gbokoo. Saro-Wiwa alikuwa na miaka 54. Familia hazikupewa miili ili zizike.

Wakati huo, viongozi wa Jumuiya ya Madola, inayounganisha Uingereza na inchi nyingi ilizozitawala zamani, walikuwa kwenye mkutano huko Auckland, New Zealand. Nelson Mandela alikuwa kati yao. Wengi waliamini kwamba Abacha hangethubutu kufanya jambo hilo wakati wa mkutano ule. Kesho yake, Nigeria ilisimamishwa katika Jumuiya hiyo, na haikurudi mpaka mwaka 1999.

Deni la udongo

Baada ya kifo cha mshairi, kazi ya kuhesabu hasara iliendelea polepole. Familia za walionyongwa zilishitaki Shell mjini New York, zikisema kwamba kampuni ilishirikiana na serikali ya kijeshi. Mwaka 2009, siku chache kabla kesi isikilizwe, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 15,5. Ilisema haikubali kosa lolote, na kwamba pesa hizo zilikuwa za kusaidia mapatano. Sehemu yake iliwekwa katika mfuko wa maendeleo ya Waogoni.

Mwaka 2011, shirika la ONU linaloshughulikia mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa miezi 14. Wataalamu walipima zaidi ya vituo 200 na kuchunguza sampuli elfu 4 za udongo, maji na hewa. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale, karibu na tiyo la kampuni ya serikali, walikuta watu wakinywa maji ya kisima yenye benzini, sumu inayoleta kansa, mara zaidi ya 900 kupita kiasi kinachokubaliwa na shirika la afya duniani, OMS. Sehemu nyingine, petroli ilikuwa imezama mita nyingi ndani ya udongo. Ripoti ilisema kwamba kusafisha Ogoni kunaweza kudumu miaka 25 hadi 30, na kwamba kwa miaka mitano ya kwanza kunahitajika dola bilioni moja.

Saro-Wiwa alikuwa akisema hayo tangu miaka 20 kabla, na aliambiwa kwamba anaongeza chumvi.

Kazi ya kusafisha ilizinduliwa mwaka 2016 huko Bodo, kijiji cha wavuvi kilichoharibiwa na petroli mwaka 2008, na ambacho Shell ilikubali mwaka 2015 kukilipa pauni milioni 55 za Uingereza. Tangu uzinduzi huo, wakaaji wamekuwa wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole. Watu wa Ogale, kwa upande wao, bado wanaishitaki Shell mjini London. Kesi yao kamili inapangwa kusikilizwa mwaka 2027. Shell yenyewe imekwisha kuuza shughuli zake za petroli ya nchi kavu nchini Nigeria, mwaka 2025, kwa kundi la makampuni mengine. Wanakijiji wanauliza: mwenye kuchafua akiisha kuondoka, nani atasafisha?

Tuzo zilizofika pia Congo

Kwa msomaji wa Goma, wa Rutshuru au wa Beni, habari hii si ya mbali sana. Petroli ilitafutwa pia chini ya ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, ambako maelfu ya familia za wavuvi zinapata chakula. Mlinzi wa mbuga Rodrigue Katembo alipinga na kukusanya ushahidi wa rushwa iliyokuwa ikitolewa ili kufungua mlango huo. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa kwa siku 17. Kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitafuta petroli ilitangaza mwaka 2014 kwamba inaacha kazi hiyo. Mwaka 2017, Katembo alipewa tuzo ya Goldman, ile ile iliyompata Saro-Wiwa akiwa gerezani.

Tuzo ya Right Livelihood nayo ilimfikia mwaka 2009 René Ngongo, mzaliwa wa Goma, kwa kazi yake ya kutetea misitu ya Congo. Mwaka uliofuata, 2010, ilirudi Nigeria kwa mtu anayefanana sana na Saro-Wiwa: Nnimmo Bassey, mchora ramani za nyumba, mtetezi wa mazingira na mshairi. Bassey ameandika vitabu kadhaa vya mashairi juu ya petroli na damu iliyomwagika kwa ajili yake.

Kuna tofauti, kwani Katembo na Ngongo walibaki hai. Lakini swali ni lile lile ambalo Waogoni waliuliza mwaka 1990: utajiri ukitoka chini ya shamba la mtu, huyo mtu anabaki na nini?

Msamaha, na kile unachoacha

Tarehe 12 mwezi wa sita 2025, Raisi Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa wale tisa walionyongwa, na akawapa nishani za taifa. Baadaye, wale wanne waliouawa Giokoo walipewa nishani pia. 

Wengi walishukuru. Wengine, hasa mashirika ya haki za binadamu, walisema haitoshi. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: anayesamehewa ni yule aliyekosa. Wanataka hukumu ya 1995 ifutwe, iandikwe kwamba watu wale hawakuwa na hatia. Tena, wakati ule ule, serikali ilikuwa katika mazungumzo na viongozi wa Ogoni ili uchimbaji wa petroli uanze upya. Kwa baadhi ya Waogoni, hilo litaleta kazi na pesa. Kwa wengine, ni kufungua kidonda kabla hakijapona.

Serikali zilizopita zilionyesha kwamba zinamuogopa hata akiwa maiti. Mwaka 2015, basi la chuma lililotengenezwa na msanii Sokari Douglas Camp kwa ukumbusho wa Saro-Wiwa lilisafirishwa kutoka Uingereza ili liwe zawadi kwa Waogoni. Watu wa forodha walilizuia kwenye bandari ya Lagos.

Mtoto wake mkubwa wa kiume, Ken Wiwa, aliyekuwa mwandishi pia, alieleza katika kitabu chake jinsi ilivyo vigumu kuwa mtoto wa mtu ambaye dunia nzima inamuita shujaa, wakati nyumbani mara nyingi hakuwepo. Alikufa mwaka 2016. Binti, Noo Saro-Wiwa, anaendelea na kalamu.

Na kule Maynooth, karatasi za gerezani zimetunzwa. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzisoma leo na kuona mkono wa yule aliyeandika huku askari wakiwa mlangoni. Huko Ogale, watu wangali wanangoja siku watakapochota maji ya kisima chao na kuyanywa bila hofu.